Mishiri ya Kitambaa Chekundu

Siku za kuchuma mishiri, Mama Janice hakumbembeleza mtu. Alibandika chai, akagonga mlango wa wasichana wake mara moja tu kwa kifundo cha kidole, kisha akachukua ndoo na kwenda zake shambani. Aliyechelewa kuamka alikunywa chai baridi, na Waceke, kitinda mimba wa miaka kumi na miwili, alikuwa ameizoea chai baridi kiasi cha kuipenda.

Mishiri ni yale maharagwe mabichi membamba ambayo watu wa Ngoliba huyalima kwa jasho na kuyala kwa nadra. Huchumwa asubuhi kabla jua halijayanyausha, yakapelekwa kiwandani Ruiru kupakiwa, kisha yakapanda ndege kwenda kuliwa na watu wasiojua hata barabara ya Garissa inaelekea wapi. Waceke alichuma kabla ya kwenda shule, vidole vikimfa ganzi, huku akilalamika kimoyomoyo. Kulalamika kwa sauti mbele ya mama yake kulikuwa jambo ambalo hakuna aliyelijaribu mara mbili.

Muhula huo dada yake, Janice, alikuwa nyumbani. Alikuwa mwaka wa tatu katika chuo kikuu, akisomea shahada ya usimamizi wa biashara ya kilimo. Kwa kawaida aliishi katika hosteli ya wanafunzi huko Kahawa Wendani, lakini sasa alikuwa amekuja kufanya mafunzo ya nyanjani na kikundi cha wakulima wa mishiri cha hapo kwao, kando ya mto. Mwishoni, mhadhiri wake angekuja kuona alichofanya.

Majirani walimpokea kwa vicheko. "Kwani siku hizi chuo kikuu wanafundisha kushika jembe?" aliuliza Mzee Muasya, mwenyekiti wa kikundi, siku ya kwanza. "Mimi nilifundishwa na nyanya yangu, na hakunidai karo."

"Jembe unalijua kunishinda, Mzee," Janice alimjibu kwa adabu. "Mimi nasomea yanayotokea mishiri ikishatoka shambani. Nani atainunua? Kwa nini aikatae? Na sisi tufanye nini ili asiikatae?"

Mzee Muasya alicheka, lakini alisikiliza. Janice aliwafundisha kwamba shamba likinyunyiziwa dawa ya wadudu, lazima lingojwe mpaka sumu iishe ndipo lichumwe. Akachukua sketi yake nyekundu ya shule ya sekondari, ile ya marinda mengi, akaikata vipande na kuzigawia nyumba zote. Aliyenyunyizia dawa alitakiwa kufunga kitambaa chekundu kwenye kijiti na kukisimamisha kando ya shamba. Kitambaa kikiwepo, hakuna kuchuma hapo, hata kama mishiri imenona namna gani. Janice mwenyewe ndiye aliyepita kila shamba na kusema siku ya kukiondoa.

Jambo moja tu walimkatalia. Tangu zamani, wanakikundi walipofika kwenye banda lao la kukusanyia mazao walimwaga mishiri yao yote juu ya turubai moja, wakakaa kuizunguka na kuichambua pamoja, huku wakipiga soga. Janice aliwaomba kila nyumba ichambue yake kando na kuweka alama yake kwenye kreti.

"Hapana, msichana wangu," alisema Mzee Muasya. "Sisi ni majirani, si washukiwa. Tutachambua pamoja." Wengine wakaitikia. Janice akakubali, maana mgeni wa kazi hashindani na wenye kazi.

Sasa sikiliza jinsi mtoto mwenye nia njema anavyoweza kuiharibu nyumba nzima.

Wiki moja, nyumba ya akina Waceke ilileta bandani kreti moja kamili na nyingine nusu. Mzee Muasya, ambaye ulimi wake haukuwa na breki, akaitazama ile nusu na kusema mbele ya watu wote: "Haya, nyumba ya profesa imeleta nusu! Vitabu vimekula mishiri." Watu waliangua kicheko. Janice naye alicheka kidogo, kama mtu aliyekwishazoea. Waceke hakucheka. Alimwona dada yake akiinama na kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Siku ya kuchuma iliyofuata, mama alimtuma shamba la juu. "Chuma hapo juu peke yake," alimwambia. "La chini lina kitambaa. Usiliguse."

Shamba la juu lilikuwa limechoka. Waceke alipekua kila shina, lakini kreti ya pili ilikataa kujaa. Akatazama chini, karibu na mto, ambako mishiri ilining'inia kwa wingi, laini na ya kijani kibichi, na kile kipande cha sketi nyekundu kikipepea juu ya kijiti. Aliinusa mishiri. Haikunuka dawa. Aliifuta kwa kiganja. Haikuwa na vumbi wala rangi. Akawaza: leo Mzee Muasya hatapata la kumcheka dada yangu.

Akachuma haraka haraka. Kreti ikajaa pomoni. Bandani, alipoimwaga juu ya turubai ikachanganyika na ya majirani, Mzee Muasya alitikisa kichwa na kusema, "Ehe! Leo profesa ameamka." Janice akatabasamu kwa raha ya kweli. Waceke alikwenda shule akiruka njiani. Hiyo ndiyo furaha ya mwisho aliyoionja msimu huo.

Gari la kiwanda lilipakia mishiri likaenda Ruiru. Baada ya siku mbili lilirudi nayo. Halikuwa limewahi kurudi na mishiri, na watu walipoliona likishuka barabarani na kreti zao walidhani dereva amepotea. Aliteremka, akavua kofia, akasema maabara imepata dawa ya wadudu ndani ya mishiri. Shehena yote imekataliwa. Kiwanda hakitanunua chochote kutoka kwa kikundi hicho mpaka ijulikane kosa lilitokea wapi.

"Sisi sote?" Mzee Muasya aliuliza.

"Nyote, Mzee. Imechanganywa. Tutajuaje ni ya nani?"

Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Mtu hulisema neno hilo maisha yake yote bila kulielewa, hadi siku anaposimama mbele ya kreti zilizorudi. Mishiri ile haikuweza kuliwa na watu, wala haikufaa kupewa ng'ombe. Wanaume walichimba shimo nyuma ya banda. Akina mama walimwaga humo kazi ya mikono yao, kreti baada ya kreti. Nakhumicha, aliyetoka magharibi mwa nchi na kukodi kipande chake cha shamba peke yake, alisimama ukingoni mwa shimo hata wengine walipokuwa wameondoka. Alikuwa na watoto wawili waliotegemea msimu huo mmoja.

Janice alizunguka nyumba zote akiuliza. Kila mtu aliapa kwamba hakugusa shamba lenye kitambaa. Alipofika kwao, alimkuta Waceke akiosha sufuria.

"Wewe, Waceke, ulichuma la juu peke yake, sivyo?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Angesema tu, ingekwisha. Lakini Waceke aliukumbuka uso wa Nakhumicha kando ya shimo, hofu ikamshika, na mdomo ukajibu kabla ya moyo.

"Ndiyo."

"Sawa," Janice alisema. Aliamini. Hakuwa na sababu ya kutomwamini mdogo wake.

Kwa kuwa hakuna aliyekosa, kosa lilitafuta wa kulibeba, nalo likamwangukia yule aliyekuwa akitangaza siku. Watu walianza kunong'ona kwamba Janice alihesabu vibaya na kuwaambia wachume kabla ya wakati. Walionong'ona wakaanza kusema kwa sauti. Shuleni, Bedan, mtoto wa Mzee Muasya aliyekuwa darasa moja na Waceke, alihama kutoka dawati lao.

"Dada yako ametumaliza," alimwambia. "Baba anasema elimu ya kubahatisha ni mbaya kuliko ujinga."

Waceke alitaka kumjibu. Alitaka kumwambia, si yeye, ni mimi, na ni kwa sababu ya baba yako na ulimi wake. Lakini maneno hayo yalikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea, nao ulikuwa umefungwa na ile "ndiyo" aliyoisema juu ya sufuria. Akainamia kitabu chake.

Nyumbani hali ilikuwa mbaya zaidi. Janice aliacha kupita mashambani. Alikaa kwenye ngazi ya mlango akirudia hesabu zake kwa vidole, siku ya dawa na siku ya kuchuma, tena na tena, na kila mara zilikuwa sawa. Mtu mwingine angesema, basi kosa si langu. Janice alisema kitu kingine. Alianza kuamini kwamba hata pale anapoona sawa, haoni vizuri.

Siku moja alasiri Waceke alikuwa akirudi na mzigo wa kuni aliposikia sauti ndani ya jikoni. Alisimama nje ya ukuta wa mabati.

"Sirudi Wendani, Mama," Janice alikuwa akisema. "Jumamosi Daktari Sifuna akija kukagua kazi yangu, nitamwambia naacha shahada hii. Kama siwezi kusimamia vishamba vya hapa kando ya mto, nitakwenda kusimamia nini huko nje? Kuna rafiki yangu ana duka Ruiru. Nitamsaidia kuuza."

"Miaka mitatu, Janice," mama alisema. "Miaka mitatu, baba yako analinda lango la kiwanda Thika kwenye baridi."

"Ndiyo maana, Mama. Asiendelee kulinda bure."

Kisha Waceke alisikia sauti ambayo hakuwa amewahi kuisikia tangu azaliwe: mama yake, yule asiyebembeleza wala kubembelezwa, alikuwa akilia. Waceke alishusha kuni polepole zisigonge. Alitaka kuingia, na akashindwa. Uoga ni mwalimu mbaya. Humfundisha mtu kungoja wakati mzuri wa kusema ukweli, na wakati huo haufiki kamwe.

Jumamosi ilifika na mawingu mazito yasiyonyesha. Watu walikusanyika bandani. Daktari Sifuna, mhadhiri wa Janice, alikuwa mtu mfupi mwenye koti lililomzidi, naye aliketi kwenye kreti iliyopinduliwa kama watu wengine. Baba yao, Njau, alikuwa amepata ruhusa ya siku moja. Alikaa nyuma kabisa, kofia magotini, macho chini.

Mzee Muasya alieleza yaliyotokea. Hakutukana, alikuwa na huzuni tu, na huzuni yake iliumiza kuliko matusi. Kisha Janice akasimama.

"Nimetafuta kosa kwa kila mtu, nikalikosa," alisema. "Basi ni langu. Nilihesabu vibaya, ingawa mpaka leo sijui ni wapi. Nawaomba msamaha, Mzee, na ninyi nyote. Na wewe, Daktari, nataka kukuambia kwamba mimi naacha—"

"Hukuhesabu vibaya!"

Sauti ilikuwa kali, na Waceke mwenyewe alishangaa kuisikia. Watu waligeuka. Alikuwa amesimama karibu na turubai lililokunjwa, mikono ikishika sketi yake.

"Waceke, keti," mama alisema.

"Hapana, Mama. Ni mimi." Machozi yalianza kumtoka, lakini maneno yaliendelea. "Nilichuma shamba la chini. Kitambaa kilikuwepo, nikakiona. Kreti ilikuwa nusu, na wiki iliyotangulia mlikuwa mmemcheka Janice. Sikutaka acheke tena vile... vile anavyocheka akiumia. Halafu aliponiuliza, nikamdanganya."

Nakhumicha alifunika uso kwa ncha ya leso. Baba aliinua macho, akayashusha tena. Janice alibaki amesimama na mdomo wazi, akimtazama mdogo wake, na haikujulikana kama atamkumbatia au atampiga kofi. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliketi tu, polepole.

Mzee Muasya ndiye aliyesema kwanza. "Kumbe nami nilichuma humo," alisema kwa sauti ya chini. "Mtoto alichuma kwa mkono, mimi nikachuma kwa mdomo."

"Na turubai, Mzee," Nakhumicha alisema bila kuondoa leso. "Msichana alituomba tuchambue kando kando. Tukamkatalia. Kwa hiyo wote tumeingia shimoni na mmoja."

Daktari Sifuna alimwita Waceke, naye akaenda akijifuta kamasi kwa mgongo wa mkono.

"Unajua kile kitambaa ni cha kazi gani?" alimuuliza.

"Cha kuzuia watu, Daktari."

"Kitambaa hakiwezi kumzuia mtu. Wewe mwenyewe umeona, ni kipande cha sketi tu." Akasogeza kreti yake karibu. "Huko ng'ambo kuna mama anamlisha mtoto wake mishiri hii. Hajui Ngoliba, hakujui wewe, na hataona shamba lenu hadi afe. Alicho nacho ni neno lenu tu. Chuoni tunamfundisha dada yako masoko, hesabu na usafirishaji. Yote hayo yamejengwa juu ya neno hilo. Likivunjika, hata mkulima hodari hana biashara, ana shimo."

Kisha akamgeukia Janice. "Na wewe, ulikuwa unaniambia unaacha nini?"

Janice alimtazama mdogo wake.

"Andika yote haya kwenye ripoti yako. Usifiche kitu, hata turubai. Mwanafunzi anayeniletea ripoti ya mafanikio matupu simwamini."

Mama alisimama. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa ileile ya kila siku. "Nyumba yangu ndiyo iliyoharibu. Kiwanda kikikubali kurudi, sisi tutakaa nje msimu mzima. Msinibembeleze." Hakuna aliyembembeleza. Walijua.

Jumatatu Janice alikwenda Ruiru kueleza. Wapimaji wa kiwanda walikuja, wakachukua mishiri ya kila nyumba kando, wakaikuta safi. Kikundi kikarudishiwa soko lake, kwa sharti kwamba kila nyumba ichambue yake na kuweka alama. Mzee Muasya mwenyewe ndiye aliyelikatakata lile turubai kwa panga, akaigawia kila nyumba kipande chake.

Lakini yaliyofukiwa hayakufukuka. Mama alimzungusha Waceke nyumba kwa nyumba kuomba msamaha. Wengine walimwambia amesamehewa. Nakhumicha alimtazama kwa muda mrefu kutoka mlangoni. "Leo sina la kukuambia, mwanangu," alisema. "Labda siku nyingine." Akaurudisha mlango taratibu. Bedan naye hakurudi kwenye dawati muhula mzima.

Janice alirudi Wendani. Asubuhi ya kuondoka alimkuta mdogo wake ameamka kabla ya mlango kugongwa.

"Bado umenikasirikia?" Waceke aliuliza.

"Bado," Janice alisema. "Si kwa mishiri. Ni kwa ile 'ndiyo'. Nilijitilia shaka mimi kuliko kukutilia shaka wewe." Alimshika begani, akaliminya kidogo. "Itapita. Lakini sitakudanganya kwamba imepita."

Msimu ule shamba lao la chini lilimea magugu. Siku za kuchuma, Waceke alikwenda bandani na kuwasaidia wengine kuchambua, bila kreti ya kwao, na watu walimpisha bila maneno mengi. Baba alichukua zamu za ziada Thika, na Jumamosi nyingi hakuja.

Mvua za pili zilipofika, nyumba yao iliruhusiwa kurudi. Siku ya kwanza ya kuchuma, shamba la chini lilikuwa na kitambaa chekundu, na Waceke ndiye aliyekifunga. Alichuma la juu peke yake. Alifika bandani na kutua mzigo wake.

Mzee Muasya alichungulia ndani ya kreti. Watu waliacha kuchambua. "Nusu?" aliuliza.

"Nusu, Mzee. La chini lina kitambaa."

Mzee akainama, akaibeba ile kreti kwa mikono yake mwenyewe na kuiweka juu ya mizani mbele ya nyingine zote zilizojaa.

"Nusu yenye ukweli tunaipokea," alisema. "Kreti iliyojazwa kwa uongo tuliizika sote pamoja, na shimo bado liko hapo nyuma. Watoto wote waambiwe."

Hakuna aliyecheka. Upande wa pili wa banda, Nakhumicha alisogeza kipande chake cha turubai, akapapasa mahali pa kukaa kando yake, kisha akaendelea kuchambua bila kuinua macho. Waceke akaenda akaketi hapo.